Vifaa vya kurekodi video kwa fundi: mwongozo kamili wa kuchagua, kuanzia na simu uliyo nayo

Mafundi wengi wanaotaka kurekodi kazi zao huanza kwa kununua kamera. Kamera inafika, video ya kwanza inarekodiwa, na mtazamaji bado hasikii maelezo, bado haoni patasi ilipoingia, na picha bado inaruka kila nyundo inapogonga. Kasoro haikuwa kwenye kamera ya simu yake, kwa hiyo kamera mpya haikuweza kuitibu.

Hapa tunakwenda kinyume. Utarekodi kwanza kwa simu uliyo nayo, utaitafuta kasoro kwa macho na masikio, kisha utanunua kifaa kimoja tu kinachoiondoa kasoro hiyo. Ukimaliza utarekodi tena. Mwongozo unamfaa seremala, fundi bomba, fundi magari, mshonaji, fundi umeme na mchomeleaji, yaani mtu yeyote ambaye mikono yake inakuwa kazini wakati kamera inarekodi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu ambayo kamera yake ya nyuma inarekodi kwa kiwango cha 1080p, yaani ubora unaoitwa pia Full HD. Simu nyingi za kawaida zinacho.
- Vipokea sauti vya masikioni, vya aina yoyote. Spika ya simu huficha kasoro za sauti.
- Kitambaa laini cha kufutia miwani na brashi ndogo yenye nywele laini.
- Kibano, jiriwa ndogo au kipande cha ubao cha kushikizia simu.
- Mkanda wa kubandikia.
- Kadibodi nyeupe au shuka jeupe.
- Simu ya pili, hata ya kuazima, hata yenye kioo kilichopasuka. Tutaitumia kwa sauti tu.
- Daftari na kalamu.
- Kazi moja fupi unayoijua vizuri, isiyozidi dakika tatu.

Usinunue chochote bado.

## Hatua ya 1: Rekodi kazi fupi kwa simu yako

Chagua kazi ambayo mikono yako imeizoea: kufunga bawaba, kushona zipu, kubadilisha koki, kufungua plagi ya injini. Kazi ngeni itakuchanganya, nawe hutajua kama kilichoharibu video ni kifaa au ni wasiwasi wako.

Futa lenzi. Mafuta ya vidole hufanya picha iwe na ukungu na taa zitoe miale ya ajabu. Wengi huilaumu kamera kwa jambo ambalo kitambaa kingelimaliza.

Tumia kamera ya nyuma, si ya mbele. Inashawishi kujiona kwenye skrini ukirekodi, lakini katika simu nyingi kamera kuu ya nyuma ndiyo inayopokea mwanga zaidi na kufokasi vizuri zaidi. Fungua mipangilio ya video uweke 1080p, fremu (yaani picha moja moja zinazounda video) 25 au 30 kwa sekunde. Achana na 4K kwa sasa. Faili zake ni nzito na hazitakusaidia kusikika.

Weka simu kwenye hali ya ndege. Ikipigwa katikati ya kazi, kurekodi kunaweza kukatika, na mtetemo wake huingia kwenye sauti.

Amua pia kama simu italala au itasimama. Meza, mlango, bomba refu na gari hukaa vizuri simu ikiwa imelala. Klipu fupi za kutazamwa kwenye simu zinapendeza ikiwa imesimama. Usichanganye mikao hiyo miwili ndani ya video moja.

Kisha fanya kazi huku ukieleza, kama unavyomweleza mwanagenzi aliyesimama kando yako. Usitafute maneno ya redioni.

Mafanikio yanavyoonekana: una klipu moja iliyoanza mwanzo wa kazi na kuishia mwisho. Hata ikiwa mbaya, usiifute. Ndiyo kipimo chako.

## Hatua ya 2: Ikague klipu mara tatu

Mara ya kwanza, vaa vipokea sauti, geuza simu kifudifudi, usikilize tu. Andika kila neno lililopotea na kila kelele iliyokukera.

Mara ya pili, zima sauti na utazame tu. Je, kuna mahali mkono au mgongo wako umeziba kazi? Picha inatikisika? Kuna sehemu nyeusi ambayo ndiyo hasa ulikuwa unaieleza?

Mara ya tatu, mpe mtu asiyeijua kazi yako aitazame. Usimsaidie. Mwombe akueleze ulichofanya na kwa nini. Pale anapokwama ndipo penye kasoro, hata kama wewe unaona pako sawa. Jicho la fundi hujaza lenyewe kile ambacho picha haikuonyesha.

Sasa soma daftari lako. Kama maneno yanapotea, nenda hatua ya 3. Picha ikitikisika au kazi ikizibwa, hatua ya 4. Ikiwa na giza, vivuli vikali au michirizi inayocheza, hatua ya 5. Zikiwa zote tatu, na mara nyingi huwa zote, anza na sauti. Mtu huvumilia picha yenye giza kidogo akisikia kinachofanyika, asiposikia, anaondoka.

Mafanikio: una orodha ya kasoro zilizoandikwa, na umejua ya kwanza kushughulikia.

## Hatua ya 3: Sauti

Hapa ndipo karakana nyingi hushindwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Maikrofoni ya simu si mbaya. Tatizo lake ni umbali. Ukiiweka simu mita mbili mbali ili meza yote ionekane, maiki nayo imekwenda mita mbili mbali na mdomo wako, na feni, jenereta na mwangwi wa kuta vyote viko karibu nayo kuliko wewe. Kila umbali kati ya mdomo na maiki unapoongezeka maradufu, sauti yako inayoifikia hupungua kwa takriban desibeli 6. Kelele za karakana hazipungui. Kwa hiyo kifaa cha sauti kinachokufaa ni kile kinachoisogeza maiki karibu na mdomo, basi.

### Jaribu bure kwanza

Chukua ile simu ya pili. Fungua programu ya kurekodi sauti, anza kurekodi, kisha iweke kwenye mfuko wa kifuani ikiwa kichwa chini, ili maiki yake iliyo sehemu ya chini ielekee mdomoni. Anza kurekodi video kwenye simu ya kwanza. Simama mbele ya kamera upige kofi moja la nguvu.

Kofi hilo litakusaidia kuunganisha sauti na picha. Kwenye programu ya kuhariri utaona kilele kikali cha kofi kwenye sauti zote mbili; vilinganishe, kisha zima sauti ya simu ya kwanza.

Fanya kazi ile ile ya dakika tatu. Ukisikiliza na kuona tofauti ni kubwa, umethibitisha kwamba maiki ya karibu ndiyo ununuzi wako wa kwanza. Kwa baadhi ya mafundi njia hii inatosha moja kwa moja, na sioni sababu ya kununua kingine.

### Ukinunua: yenye waya au isiyo na waya?

Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, yenye waya, ni rahisi na haihitaji chaji. Inamfaa anayefanya kazi ameketi au amesimama mahali pamoja: fundi saa, fundi wa simu, fundi viatu.

Onyo kubwa: usivae maiki yenye waya, wala kamba ya shingoni ya aina yoyote, karibu na mashine inayozunguka. Mashine ya kukereza, drili ya mezani, grenda na msumeno wa mviringo hushika waya na kuuvuta kwa kasi ambayo huwezi kuizuia, nawe ukavutwa nao. Kwa mafundi wanaotumia mashine hizo ni maiki isiyo na waya tu, au maelezo yarekodiwe mashine ikiwa imezimwa.

Maiki isiyo na waya ina vipande viwili: kimoja unakibana kwenye nguo, kingine kinachomekwa kwenye simu. Kabla ya kulipa, hakikisha mambo haya:

Plagi iingie kwenye simu yako. Simu nyingi za sasa zina tundu la USB-C. iPhone zilitumia Lightning hadi toleo la 14, na kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023 zinatumia USB-C. Ijaribu ukiwa na simu yako mkononi, kwa sababu plagi kuingia bado hakujathibitisha kwamba simu imeitambua.

Kama ni plagi ya duara ya milimita 3.5, hesabu mistari myeusi iliyoizunguka. Ya simu ina mistari mitatu. Yenye mistari miwili ni ya kamera. Ukiichomeka kwenye simu, simu itadhani ni vipokea sauti na itaendelea kurekodi kwa maiki yake yenyewe bila kukuambia.

Chaji ya kipande cha nguoni itoshe siku yako ya kazi, na pawe na kisponji au manyoya ya kufunika maiki dhidi ya upepo, hasa ukifanya kazi juu ya paa au barabarani.

Usijaribu kuokoa pesa kwa kutumia vipokea sauti vya Bluetooth kama maiki. Programu nyingi za kamera haziviruhusu, na vinaporuhusiwa mara nyingi sauti hushuka hadi ubora wa mazungumzo ya simu.

### Namna ya kuiweka

Ibane kwenye ukosi au ukingo wa mfuko, kiasi cha shibiri moja chini ya kidevu. Ovaroli nzito hukwaruza maiki kila unapoinama. Bandika kipande cha mkanda nyuma ya kibanio ili nguo isicheze.

Usizungumze mashine ikinguruma. Simu hupandisha na kushusha sauti yenyewe, kwa hiyo mashine inapowaka sauti yako inazama. Eleza kwanza, washa mashine, fanya kazi kimya, zima, halafu endelea kueleza. Mtazamaji atakushukuru pia kwa kupata nafasi ya kuisikia mashine peke yake. Mlio wa msumeno unaokata vizuri ni somo tosha.

Mafanikio: kwaruza maiki kwa ukucha wakati unarekodi. Ukicheza tena, mkwaruzo usikike kwa nguvu. Ukisikika kwa mbali, bado unarekodi kwa maiki ya simu.

## Hatua ya 4: Kuishika kamera bila mikono

Kumpa mwanagenzi simu aishike si suluhisho. Atachoka, ataangalia kazi badala ya skrini, na nyakati za hatari atasogea pasipostahili.

Kabla ya kununua stendi, tafuta pembe. Bana simu kwenye ubao kwa kibano, urekodi kazi ile ile ikiwa mbele yako kwa mshazari, kisha ikiwa juu ikitazama mikono, kisha nyuma ya bega lako. Pembe ya begani mara nyingi hushinda zote, kwa sababu mtazamaji anaona kazi kama atakavyoiona akiifanya mwenyewe: kulia ni kulia, kushoto ni kushoto. Mshonaji na fundi wa simu hupendelea ya juu. Fundi magari atalazimika kubadilisha.

Pembe ikishajulikana, stendi inajichagua:

Kwa pembe ya mbele au ya begani, nunua stendi ya miguu mitatu inayofika kimo cha kidevu chako. Chagua nzito na ngumu kuliko nyepesi yenye vikorokoro. Skrubu ya kichwa cha stendi za kawaida ni ya robo inchi, na vishikio vingi vya simu, taa na kamera hutumia kipimo hicho hicho, hivyo stendi nzuri utabaki nayo hata ukibadilisha simu.

Kwa pembe ya juu, unahitaji mkono wa chuma unaojikunja. Hapa kuna mtego: usiufunge kwenye meza unayofanyia kazi. Kila nyundo na kila msukumo wa randa utapanda kwenye mkono hadi kwenye simu, na picha itaruka. Ufunge ukutani, kwenye rafu, au kwenye stendi inayosimama sakafuni peke yake. Kisha ifunge simu kwa kamba ya pili ya usalama. Ikianguka kutoka juu itaangukia mikono yako au kazi ya mteja.

Ning'iniza mfuko wa mchanga katikati ya stendi ili isisukumwe na upepo au mguu wa mtu.

Usivute picha kwa vidole ili kuona karibu. Katika simu nyingi kufanya hivyo ni kukata picha na kuitanua, na maelezo hupotea. Sogeza simu yenyewe, mpaka maandishi yaliyochongwa kwenye spana yasomeke wazi. Ukisogea mno, kamera itashindwa kufokasi. Rudi nyuma kidogo.

Kile kishikio chenye mota cha kutulizia kamera unapotembea hukihitaji. Fundi hatembei akirekodi.

Mafanikio: rekodi sekunde 30 za kazi yenye kishindo kuliko zote unazofanya. Tazama ukingo wa meza kwenye picha. Ukingo huo usitetemeke.

## Hatua ya 5: Mwanga

Anza na dirisha. Sogeza kazi, au jisogeze wewe, mpaka mwanga wa dirisha uje kutoka ubavuni. Ukija kutoka nyuma ya kamera, kila kitu kitaonekana bapa: mfereji uliochongwa kwenye mbao, mshono, hata uzi wa skrubu hautaonekana. Ukija kutoka nyuma ya kazi, kazi itakuwa kivuli. Ukitoka ubavuni, kila kijia na kila kona hutupa kivuli chake kidogo, na mtazamaji anaona kina.

Upande wa pili simamisha kadibodi nyeupe ili irudishe mwanga kidogo kwenye giza. Kwa mafundi wengi wanaofanya kazi mchana, hatua ya mwanga inaishia hapa bila kununua kitu.

Kama karakana haina dirisha au unafanya kazi usiku, nunua taa za LED. Mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa. Kwenye boksi tafuta namba mbili. Ya kwanza ni rangi ya mwanga kwa kelvini: 5000 hadi 5600 inafanana na mwanga wa mchana. Ya pili ni CRI, inayoeleza jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi. Chagua 90 au zaidi. Mshonaji, fundi rangi na fundi umeme wasilegeze hapo. Taa yenye CRI ndogo inaweza kufanya rangi za nyaya au nyuzi zikaribiane, na anayejifunza akaunganisha vibaya.

Usichanganye balbu ya njano ya dari na LED nyeupe. Kamera haitajua ifuate ipi. Zima moja.

Taa isielekee moja kwa moja kwenye chuma kinachong'aa. Ielekeze kwenye ukuta mweupe, au ifunike kwa kitambaa cheupe kilicho mbali na joto lake. Taa ya duara inayopendwa na wanaorekodi nyuso haifai hapa: itaonekana kama pete kwenye kila bomba la kromu.

### Michirizi inayocheza

Picha ikiwa na mistari ya giza inayopanda au kushuka, taa zako zinapepesa pamoja na umeme. Umeme wa gridi una mizunguko 50 kwa sekunde katika nchi nyingi za Afrika, Ulaya na Asia, na 60 katika Marekani na nchi kadhaa nyingine. Penye 50, rekodi fremu 25 au 50 kwa sekunde. Penye 60, fremu 30 au 60. Simu nyingine zina mpangilio wa kuzuia kupepesa. Uweke kulingana na umeme wa hapo. Ikishindikana, badilisha balbu.

### Funga mwanga

Mkono wenye grisi ukiingia kwenye picha, simu hudhani kumekuwa na giza na kuongeza mwanga, ukitoka, inapunguza. Video inapumua. Bonyeza kwa muda mrefu sehemu ya kazi kwenye skrini mpaka alama ya kufuli au ya kufungwa kwa fokasi itokee, ndipo uanze.

Mafanikio: simamisha video katikati. Uone nyufa, nyuzi au alama za penseli bila kukaza macho, na rangi ziwe zile zile unazoziona mezani.

## Hatua ya 6: Kuilinda simu na kujilinda wewe

Ruka hatua hii tu kama kazi yako haina vumbi, cheche, maji wala umeme.

Kuchomelea. Mwanga wa kuchomelea utaijaza picha weupe mtupu na unaweza kuharibu kihisi cha kamera. Weka mbele ya lenzi kioo cheusi cha barakoa ya kuchomelea, na mbele yake kioo cha kawaida cha kupokea matone ya chuma. Kioo cheusi kitaficha kila kitu kabla ya kuwasha, kwa hiyo rekodi vipande viwili: maandalizi bila kioo, kisha uchomeleaji wenyewe ukiwa na kioo. Anayekusaidia naye avae barakoa, hata kama anatazama skrini tu. Ni rahisi jicho kuhama kwenye skrini na kuutazama mwanga.

Grenda. Cheche ni chembe za chuma cha moto zinazojichoma kwenye kioo na kuacha vishimo visivyofutika. Weka kamera ubavuni mwa njia ya cheche, na mbele yake kipande cha kioo au plastiki angavu unachoweza kukitupa.

Vumbi la mbao na saruji. Piga brashi kwanza, kisha kitambaa. Ukifuta moja kwa moja, hasa kwa pindo la ovaroli, chembe zitaikwaruza lenzi.

Rangi ya kupuliza, petroli, thina. Usiingize taa, chaja wala simu mahali penye mvuke unaoshika moto. Rekodi kupitia dirisha lililofungwa, au usirekodi.

Umeme. Stendi ya chuma isikaribie nyaya zenye umeme. Zima, pima, ndipo uisimamishe.

Na ukiwa kwa mteja, omba ruhusa kabla ya kuwasha kamera. Kagua kinachoonekana nyuma: picha za familia, anwani, namba ya gari, funguo.

Mafanikio: baada ya kazi lenzi haina alama mpya, na hukulazimika hata mara moja kuinama mahali pa hatari ili kuiokoa simu.

## Hatua ya 7: Nafasi na chaji

Video ya 1080p yenye fremu 30 hula takriban megabaiti 60 hadi 130 kwa dakika, kutegemea jinsi simu inavyozibana. Saa moja ni gigabaiti 4 hadi 8 hivi. Pima nafasi uliyo nayo kabla hujafungua mota ya mteja.

Ukinunua kadi ya microSD, tafuta alama ya V30 au U3. Zote zinamaanisha inaandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde. Kadi bandia ni nyingi: hujitangaza kubwa, kisha hupoteza faili kimyakimya. Ijaze kabisa siku ya kwanza kwa video zisizo na thamani, kisha cheza za mwisho. Zisipofunguka, irudishe.

Pawabenki ya mAh 10,000 inatosha simu nyingi kwa siku ya kurekodi. Simu ikipata joto, ivue kasha na uitoe juani. Kuchaji huku ukirekodi huongeza joto, na ikizidi simu hukata yenyewe.

## Hatua ya 8: Je, sasa unahitaji kamera?

Kwa mafundi wengi jibu ni hapana, bado. Ziko sababu nzuri tatu tu.

Simu yako ndiyo ofisi. Kila ukirekodi, wateja hawakupati. Hapa simu ya pili iliyotumika, yenye kamera nzuri, inashinda kamera nyingi kwa sababu tayari unajua kuitumia. Kabla ya kuinunua rekodi dakika 10 mfululizo uone kama inazima kwa joto. Rekodi ukuta mweupe, utafute madoa na mikwaruzo ya lenzi. Chomeka maiki yako. Hakikisha akaunti ya mwenye nayo imeondolewa kabisa.

Maji, tope, au sehemu za kubanana. Kamera ndogo ya vitendo, ile ya kuvaa kifuani au kofiani, inamfaa fundi bomba na mtu wa paa. Kumbuka lenzi yake pana hupinda mistari iliyonyooka, na seremala atachukia kuona fremu yake ya mlango imekuwa upinde. Tafuta mpangilio wa kunyoosha mistari kabla ya kulipa. Hakikisha pia inakubali maiki ya nje. Kufunga kifuani kuwe kwa mikanda iliyobana, kamwe si karibu na mashine inayozunguka.

Unarekodi saa nyingi mfululizo. Hapo kamera kamili ina maana. Uliza mambo manne: ina tundu la maiki? Inaweza kutumia umeme wa ukutani ikiendelea kurekodi? Skrini yake inageuka ukiwa mbele yake? Inarekodi mfululizo kwa muda gani? Baadhi ya kamera za picha, hasa za zamani, husimama karibu na dakika 30, na fundi aliyezama kazini hatajua.

Ukikosa jibu la "ndiyo" kwenye sababu yoyote kati ya hizo, rudisha pesa mfukoni.

## Hatua ya 9: Jaribio la mwisho

Weka vifaa vyote ndani ya kisanduku kimoja: maiki, stendi, taa, kadi, chaja, kitambaa, brashi. Kisanduku kikiwa kizito kukibeba pamoja na zana zako, umenunua vingi mno.

Toa vyote, vifunge, na urekodi kazi ile ile ya dakika tatu ya hatua ya 1. Kufunga kusikuchukue zaidi ya dakika tano. Kukizidi hapo, utakiacha kisanduku nyumbani siku ya kazi nyingi, na siku hiyo ndiyo yenye mambo ya kuonyesha.

Mtafute yule yule uliyemwonyesha klipu ya kwanza. Mwonyeshe zote mbili, moja baada ya nyingine, kisha mpe zana na umwombe aifanye kazi hiyo mbele yako, ikiwa ni salama kwake. Akiuliza "hapo ulisema nini?" rudi hatua ya 3. Akiuliza "hapo uliweka wapi?" rudi hatua ya 4 au 5. Akianza kuuliza kuhusu kazi yenyewe, kwa nini skrubu ile na si msumari, kwa nini uzi ule, vifaa vyako vimekamilika. Maswali hayo yaandike, ndiyo video yako inayofuata.